Mario wa Kaseti: Gemu ya 1985 Ambayo Mafiga Bado Haijaimaliza

Mwaka 1985 ulizaa Mario wawili. Wa kwanza alitokea Kinshasa. Franco na TPOK Jazz walitoa wimbo uitwao Mario, unaomsema kijana anayelelewa na mama mwenye pesa zake, na hadi leo ukiitwa "mario" hapa Bongo ujue hujasifiwa. Wa pili alitokea Japani tarehe 13 Septemba, kofia nyekundu, masharubu, ovaroli, na kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia kwenda kulia na kuruka. Huyo ndiye Mario wa Super Mario Bros., gemu ya kampuni ya Nintendo.

Mario wa Franco alifika Morogoro mapema tu, maana redio zilikuwepo na baa zilikuwepo. Mario wa Nintendo alichelewa sana. Yeye ili umuone ulihitaji televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi 1994. Wazanzibari walitangulia tangu miaka ya 1970, tena wakaanza na rangi kabisa, lakini huku Bara mwenye televisheni alikuwa nayo kwa ajili ya deki ya video tu. Halafu 1985 hiyohiyo, mwezi wa Novemba, Mwalimu Nyerere akakabidhi nchi kwa Ali Hassan Mwinyi, yule ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Milango ya biashara ikaanza kulegea. Mitumba ikaingia, redio kaseti zikaingia, TV za chogo zikaingia. Nyuma ya TV, kwenye maboksi yenye picha za rangi kali na Kiingereza cha ajabuajabu, ikaingia mashine ya gemu.

Ni feki, hilo lisemwe mapema. Mashine halali ya Mario ni Family Computer, iliyotoka Japani Julai 1983, ambayo Wamarekani walibadilishiwa umbo na jina wakaijua kama NES. Iliyojaa mikoani kwetu ni nakala zilizotengenezwa Taiwan na baadaye China, zinazokula kaseti za pini 60 kama zile za Japani. Nyingine ziliandikwa Terminator ubavuni, umbo limeibwa kwa Sega, gemu zimeibwa kwa Nintendo, yaani wizi juu ya wizi. Ukiifungua ndani unakuta kibodi kidogo cha umeme na tone jeusi la gundi katikati. Chini ya lile tone ndiyo kompyuta nzima. Fundi redio aliyezoea kubadilisha vipande akiliona lile tone anafunga skrubu zake kimya kimya, anakuambia kanunue nyingine.

Na kaseti zake sasa! Juu imeandikwa 9999 in 1. Dogo anaona utajiri huo, gemu elfu tisa na mia tisa tisini na tisa, maisha yake yote hatamaliza. Anashuka kwenye orodha na kidole, anakuta Mario, Tank, Contra, ya kupiga bata, ya sarakasi na simba, halafu Mario tena, Tank tena, Mario ambaye ameanzia dunia ya tatu, Mario ambaye ameanzia dunia ya saba. Gemu za kweli pengine hazizidi ishirini, zimezungushwa. Lakini angalia nani alirudiwa mara nyingi kwenye orodha. Hao wachina wa kaseti walikuwa wanajua soko lao.

BANDA

Mafiga ni kata ya mjini kabisa, Manispaa ya Morogoro, unageuza shingo unaiona Uluguru imesimama na ukungu wake. Kwa Kiswahili mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, na banda la gemu nalo lilisimama juu ya mawe matatu: TV ya chogo, mashine, na umeme. Likitoka moja, chungu chini. Mara nyingi lililotoka ni umeme. Waliokuwa wadogo kwenye mgao wa 2006 wanakumbuka. Umefika dunia ya sita, jasho linatoka, kuna watoto saba wanapumua kwenye shingo yako, mara pwaa, giza. Gemu hii haina sehemu ya kuhifadhi ulipofikia. Umeme ukirudi unaanza moja, na hela yako imeenda.

Bei ilikuwa sarafu tu, hamsini au mia kulingana na mwaka na mwenye banda. Sarafu yenyewe mara nyingi ilikuwa ya maandazi ya shule, au chenji ya mafuta ya taa iliyopungua njiani bila maelezo. Kwa hiyo banda la gemu lilikuwa na sifa mbaya. Wazazi wengi waliliweka kapu moja na kamari na bangi. Mama akija na fimbo mlangoni mnatawanyika kwa dirisha, na yule aliyeshika padi ndiye anayeshikwa, kwa sababu hakutaka kuachia. Hapo wazee walikuwa na hoja, tusiwakatalie. Kuna madarasa yaliliwa na yale mabanda.

Sheria ya banda ilikuwa moja: ukifa, unaachia. Na Super Mario Bros. ilikuwa imejengwa hivyohivyo. Ukichagua watu wawili, mmoja anakuwa Mario, wa pili anakuwa mdogo wake Luigi, na hamchezi pamoja. Mario akifa ndiyo Luigi anaingia. Ukipangiwa na fundi wa gemu ukawa Luigi, unaweza kukaa robo saa unaangalia tu masharubu ya mwenzako. Kuna ugomvi mwingi wa utotoni Moro ambao chanzo chake ni nani awe wa kwanza, na haujasuluhishwa mpaka leo.

Kuangalia nako kulikuwa sehemu ya starehe. Watoto ambao hawakuwa na sarafu walijaa mlangoni, wanacheza kwa mdomo: "Ruka! Subiri! Hapo kuna uyoga, gonga!" Mpaka siku anayopata mia yake, dogo wa mlangoni ameshaijua njia nzima kwa macho.

KWA NINI YEYE

Miaka hiyo Moro ilikuwa inatamba na Afande Sele, gemu zilikuwa nyingi kwenye kaseti, na bado ukimuuliza mtu wa rika hilo gemu ya kwanza kuigusa, jina linalokuja ni hilohilo. Mtu anaweza kusema ni kumbukumbu tu za utoto. Lakini utoto uleule ulikuwa na gemu nyingine ishirini kwenye kaseti hiyohiyo na hakuna anayeziota. Kuna kitu kwenye hii.

Anza na sekunde ya kwanza. Mario amesimama kushoto mwa kioo, anaangalia kulia, kulia kuna uwazi. Hakuna maandishi ya maelekezo. Dogo asiyejua Kiingereza wala Kijapani anabonyeza, Mario anaenda. Mbele kidogo kuna sanduku lina alama ya kuuliza, linang'aa, na chini anakuja mdudu wa kahawia amekunja uso. Usipofanya kitu anakugonga unakufa, na umepoteza sekunde chache tu, unaanza tena bila uchungu. Mara ya pili unaruka. Ukiruka vibaya unamkanyaga, kumbe anakufa yeye. Ukigonga sanduku inatoka sarafu. Lingine linatoa uyoga, unaenda kulia, unagonga bomba, unarudi kwako mwenyewe. Kwa sababu juu kuna matofali, hata ukitaka kuukwepa ni kazi. Unakugusa, unakuwa mkubwa.

Hakuna aliyekufundisha, na umeshajua gemu nzima. Shigeru Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka, waliobuni gemu hii, wamewahi kueleza kwamba ile sehemu ya mwanzo waliipanga makusudi hivyo, mchezaji ajifunze kwa kucheza. Walikuwa wanawafikiria watoto wa Japani. Ikaja kufanya kazi Mafiga bila kubadilishwa herufi moja.

Kitu cha pili ni kule kuruka kwenyewe. Ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anapaa. Akiwa anakimbia hasimami papo hapo, anateleza kidogo kama mtu mwenye kandambili kwenye sakafu yenye maji. Ukiwa hewani bado unaweza kumvuta nyuma kidogo ukiona umekosea. Gemu nyingi za enzi zile ukiruka umeruka, mwili unaenda kama jiwe. Mario anakusikiliza mpaka angani. Ndiyo maana ukifa unajua kabisa umekosea wapi, na ndiyo maana unataka mia nyingine.

Na muziki. Koji Kondo alitunga ule wimbo kwa mashine yenye njia tano tu za sauti, na ukiruka, sauti ya kuruka inaazima njia mojawapo. Aprili 2023 wimbo huo ukaingizwa kwenye orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Huku kwetu ulihifadhiwa kwa mdomo, na watoto waliokuwa wanauimba wakienda kuchota maji. Muda ukibaki chini ya 100 unaanza kwenda mbio, na banda zima linaanza kupiga kelele nao.

Vyote hivyo, dunia nane zenye hatua nne nne, yaani hatua 32, maadui, muziki, ngome, vimekaa ndani ya kilobaiti 40. Selfie moja kwenye simu yako inaizidi gemu nzima mara nyingi. Wale jamaa walibana mpaka mawingu: wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro uleule, umebadilishwa rangi tu. Masharubu na kofia ya Mario navyo vilianzia kwenye ubanaji. Alipotokea mara ya kwanza 1981 kwenye Donkey Kong, nukta za kumchora zilikuwa chache, mdomo na nywele zikawa tabu kuonyesha, akawekewa masharubu na kofia.

MLIMA

Miyamoto alikulia Sonobe, mji mdogo karibu na Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa anazurura vilimani na siku moja akakuta pango, akaingia. Gemu zake zimetoka huko. Ile hamu ya kujua kuna nini nyuma ya pale.

Mtoto wa mji kasoro bahari hahitaji kuelezewa hilo. Anayepanda na wenzake kupitia Choma kwenda Morningside, kwenye lile jumba la Wajerumani juu mlimani, anajua raha ya njia usiyoijua inaishia wapi. Kuna njia ya watu wote na kuna njia ya panya, na anayeijua ya panya anaheshimika. Kwenye Mario ni vilevile. Hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ile ya chini ya ardhi, ukipanda juu ya matofali ukatembea darini mpaka mwisho kabisa, unakuta mabomba matatu ya kukupeleka dunia ya pili, ya tatu au ya nne. Hakuna aliyeisoma popote. Ilifika Moro kwa mdomo, labda na binamu aliyekuja likizo kutoka Dar, na aliyeileta alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Maneno ya mdomo yalileta na uongo mwingi, lakini mengine yaliyoonekana uongo yalikuwa kweli. Hatua ya kwanza ya dunia ya tatu, kwenye ngazi za mwisho, kuna kobe ambaye ukimkanyaga vizuri anagonga ngazi anarudi, unamkanyaga tena na tena, maisha yanaongezeka. Watu walifanya hivyo mpaka namba ikaacha kuwa namba ikawa michoro. Ila ukizidisha, ukipita 127, hesabu ya mashine inachanganyikiwa, unakufa mara moja tu gemu inaisha. Dogo mmoja ana maisha zaidi ya mia, anaanguka shimo la kwanza, kwisha habari yake, na banda zima linamcheka.

Kweli nyingine iliyoonekana uongo ni ile dunia ya "-1". Ukijipenyeza ukutani karibu na yale mabomba kwa namna fulani, unatupwa kwenye maji yasiyo na mwisho, unaogelea unarudi palepale hadi muda unaisha. Ni kosa la programu, halikukusudiwa. Huku mtaani lilihesabika kama uchawi.

Na kuna moja ambayo ingewaokoa wengi na karibu hakuna aliyeijua. Gemu ikiisha, ukishikilia kitufe cha A huku unabonyeza Start, unaanzia dunia uliyofia. Mia ngapi zililiwa na mabanda kwa kutojua hilo!

THAMANI

Nintendo waliuza nakala zaidi ya milioni 40 za gemu hii. Hizo ni halali. Za kwenye 9999 in 1 hakuna aliyezihesabu, kwa hiyo Mafiga haimo kwenye hesabu, wala Mazimbu, wala Kariakoo zilikonunuliwa. Agosti 2021 huko Marekani kaseti moja ya Super Mario Bros. ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa dola milioni 2, zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa bei ya wakati ule. Haijachezwa hata siku moja. Ndiyo sifa yake.

Zile za huku zilichezwa mpaka maandishi ya vitufe yakafutika. Kaseti ikigoma inatolewa, inapulizwa kwa mdomo kama mtu anawasha mkaa, inarudishwa. Mashine ikichemka inapumzishwa kama boda. Zilipokufa kabisa hazikwenda makumbusho. Zilikaa juu ya kabati na vumbi, halafu siku moja akapita mnunuzi wa skrepa na mizani yake.

Mabanda nayo yakafa. PlayStation iliingia na mpira, TV bapa zikaingia, na ile bunduki ya kupiga bata ikawa mdoli maana haifanyi kazi bila chogo. Baadaye simu zikamaliza kazi. Hilo ni sawa, kila zama na kitu chake. Lisilo sawa ni kilichokuja kukaa kwenye nafasi ileile, kwenye vibaraza vya maduka, na sarafu ileile ya mtoto.

Dubwi. Ile mashine ya Kichina yenye taa na picha za matunda, unatia sarafu, taa zinazunguka, unangoja. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini pita mitaani saa za watoto kutoka shule uone urefu wa waliosimama pale. Kwa macho ya mzazi wa 2003 dubwi na banda la gemu ni kitu kimoja, mtoto anapeleka hela kwenye mashine. Hapana. Sanduku la alama ya kuuliza kwenye Mario liko palepale leo, jana na 1985, na uyoga uko ndani yake palepale. Ukirudi mara kumi unalijua. Kobe anatembea vilevile, shimo lina upana uleule, na kila mia uliyolipa imekuachia kitu mkononi, hata kama ni kujua wapi usikanyage. Dubwi unaweza kulicheza miaka mitano na ile sarafu ya mwisho unaitia ukiwa hujui lolote kuliko siku ya kwanza.

Kule kujua kunafika mbali. Mwaka 2021 kijana mmoja wa Marekani anayejiita Niftski alimaliza Super Mario Bros. chini ya dakika 4 na sekunde 55, mtu wa kwanza kushuka hapo, na baada ya hapo yeye na wenzake wameendelea kugombania vipande vya sekunde. Gemu ina umri wa kumzaa na bado wanaikuna wanakuta kitu. Hizo video ziko YouTube, na chini yake hukosi Mswahili anayeandika kwamba mtaani kwao kulikuwa na jamaa angemfunga huyo mzungu.

Huenda ni kweli. Jamaa hao wapo, hawana majina kwenye orodha yoyote. Wale ambao mwenye banda aliwakataza kucheza mchana kwa sababu sarafu moja walikaa nayo saa nzima na biashara inalala. Leo ni dereva bodaboda Msamvu, ni fundi simu, ni baba wa watoto wawili.

Na kaseti imerudi kwa sura nyingine. Kwenye maduka ya vifaa vya simu kuna kidude cha kushika mkononi, kidogo kama simu, kimeandikwa 400 in 1, feki kama babu yake. Ukikiwasha ni orodha ileile: Mario, Tank, Contra. Kina waya wa kuchomeka kwenye TV. Baba ananunua anasema ni cha mtoto. Jioni umeme upo, mtoto anapewa ashike, Mario amesimama kushoto anaangalia kulia. Mdudu wa kahawia anakuja. Mtoto anamwangalia tu mpaka anagongwa.

"Umekufa. Lete, zamu yangu."

"Baba, si bado yamebaki mawili?"

"Ukifa unaachia."